Waoshao Wagonjwa Waletewa Bunduki

Ndugu wanachama, twataka mkumbuke yaliyopita Charleston, Marekani, mwaka 1969. Katika hospitali ya chuo cha udaktari, wasaidizi wa wauguzi, karibu wote wanawake weusi, walilipwa dola 1.30 kwa saa, hali wafanyakazi wengi wa nchi hiyo walihifadhiwa na kima cha dola 1.60. Hao ndio wamgeuzao mgonjwa kitandani, wamwoshao, wamlishao, wamwondoleao uchafu wake usiku wa manane. Walipotaka chama, 12 wakafukuzwa, na Mary Moultrie, kiongozi wao, akiwa miongoni mwao. Wenzao wakagoma kwa siku zipatazo 100. Gavana naye akaleta askari wenye bunduki. Bunduki, jamani, kwa watu wabebao mabeseni! Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, akaandamana pamoja nao, na mamia wakatiwa ndani.

Mwisho wale 12 wakarudishwa na ujira ukapandishwa, lakini chama chao hakikutambuliwa. Wako wauitao huo ushindi mtimilifu. Sisi wa dukani, mdeni alipaye nusu twamshukuru, na jina lake hulibakiza daftarini.