Ada ya Mlolongo: Hesabu ya magari yanayobaki chini

MLOLONGO, katika Kaunti ya Machakos, ndipo mwenye gari aelekeaye Nairobi huamua: apande barabara ya juu na kulipa, au abaki chini kwenye Barabara ya Mombasa na kukwama katika msongamano bila malipo. Uamuzi huo wa sekunde chache ndio mizani ya kila ada inayotangazwa katika gazeti rasmi la serikali.

Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, ilipofunguliwa mwaka wa 2022, gari dogo lilitozwa Sh360 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mnamo Januari 2024, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Bw Kipchumba Murkomen, alipandisha ada hiyo hadi Sh500. Sababu iliyotolewa ilikuwa kudorora kwa shilingi dhidi ya sarafu za kigeni.

Hesabu ya kwanza haihitaji mtaalamu. Magari 100 yakilipa Sh360 huleta Sh36,000. Kwa Sh500, magari 72 huleta kiasi kicho hicho. Nyongeza hiyo basi ina faida mradi yanayohama hayafiki 28 katika kila 100.

Hesabu ya pili ndiyo yenye utamu. Tuseme, kwa mfano tu, kila Sh10 zinazoongezwa huwafukuza madereva wawili kati ya wale 100. Ada ikiwa Sh430 watabaki 86, na mapato yatakuwa Sh36,980. Ikifika Sh500 mapato hurudi Sh36,000, sawa na yalipoanzia. Kilele kiko katikati: nusu ya Sh860, bei ambayo katika mfano huu hakuna dereva hata mmoja angeilipa. Madereva wakiwa wagumu kuhama, kilele husogea juu; wakiwa wepesi, hushuka. Hilo hujulikana kwa kuhesabu magari kabla na baada ya nyongeza.

Thamani ya dola haimo katika hesabu hiyo. Mwekezaji ana haki ya kutaka fedha zake zirudi na thamani yake, lakini dereva wa Mlolongo hulipwa mshahara kwa shilingi, na dola ikipanda mfuko wake hautanuki.

Mwaka wa 1844, mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alionyesha kwamba mtu anayeacha kuvuka daraja kwa sababu ya ada huacha hasara isiyoonekana katika vitabu vya mtoza ada. Mlolongo hasara hiyo huonekana kwa macho. Magari yanayokimbia ada hujiunga na matatu za kutoka Machakos na Athi River, na abiria ambao hawakuulizwa huchelewa kazini.

Hapo pana kitendawili. Kadiri msongamano wa chini unavyozidi, ndivyo barabara ya juu inavyouzika. Anayepanga ada kwa kutazama mapato pekee hana sababu ya kuusikitikia msongamano huo. Wizara inayotia sahihi inayo.