Historia si ya kumeza

Mpenzi msomaji, mwezi huu mambo ya wapenzi yapumzike kidogo. Tuzungumzie yule mtu ambaye wengi wetu tuliooana tunaishi naye: mdogo wetu anayesoma. Kwangu ni wifi yangu, yuko kidato cha sita, mchepuo wa HGL.

Muhula uliopita alileta S ya Historia. Mume wangu alifura, akasema mdogo wake anachezea ada. Mimi nilikuwa namwona binti anavyokesha na madesa mpaka saa nane usiku, nikamtetea. Basi tukalala tumenuniana. Kesho yake nikamwomba wifi karatasi yake ya mtihani.

Swali, ambalo lilikuwa la Kiingereza, liliuliza hivi: je, wapiganaji wa Maji Maji walishindwa kwa sababu ya uduni wa silaha tu? Yeye kajaza kurasa nne. Vita vilianza 1905 vikaisha 1907, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, Wamatumbi, Wangindo na Wangoni wakapigana. Yote kweli! Ila swali zima lilikuwa kwenye hiyo "tu", nayo hakuigusa. Hakusema kwamba Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, na kwamba hakukuwa na amiri mmoja wa kuunganisha makabila yote. Hakusema kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wala kwamba wapo Waafrika waliopigana upande wa Mjerumani.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe kidato cha tano nilimeza miaka kama vidonge vya malaria, nikiamini mwenye tarehe nyingi ndiye anayefaulu.

Tukabadili utaratibu. Jioni, tukichambua mchele, ananieleza mada bila daftari, kwa Kiswahili. Akikwama, hapo ndipo pa kusoma tena. Kisha anaandika hoja zilezile kwa Kiingereza, kwa maneno yake. Naona wanafunzi wengi wanakariri sentensi za madesa kwa sababu hawajawahi kuielewa hoja kwa lugha wanayoiota.

Jumamosi anaandika insha moja kwa mkono, dakika 40, saa ya ukutani ikimtazama. Kabla ya kuanza, anapigia mstari neno linalobeba swali na kuandika jibu lake kwa sentensi moja. Asipoweza hiyo sentensi, haruhusiwi kuanza. Na vitabu pia: kile cha Walter Rodney cha 1972, alichokiandika akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika, tulikisoma kwa kuuliza, anataka kutushawishi nini, na nani angempinga?

Kazi ya kupinga akapewa mume wangu. Mwanzoni alijibu huku macho yako kwenye mpira. Siku ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 alijitia wakili wa Bismarck, wakabishana na mdogo wake mpaka ugali ukapoa.

Muhula huu wifi kapata C. Mtihani wa taifa ni Mei, kwa hiyo bado tuna kibarua. Yule bwana hajaomba radhi kwa maneno ya ile S, ila jana karudi kazini, hata viatu hajavua, akauliza: "Leo tunabishana nini?"

Tukutane mwezi ujao.