Kumfungia Jirani Mpaka Si Uzalendo

Mwaka 2017, pale mpakani Namanga, serikali ya Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga zaidi ya 6,000 vilivyoingizwa kutoka Kenya, kwa kuhofia mafua ya ndege. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Machi 2021 zamu ikawa ya Kenya: ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti.

Kila mara wapo waliopiga makofi. Kwao, jirani ndiye mshindani wa kuogopwa, anayemzuia anamlinda mkulima wetu, na fedha ya maana iko mbali: Ulaya, Uchina, Marekani. Imani hiyo ni potofu, na ndiyo inayotuweka wanyonge mbele ya wakubwa.

Tuwatazame hao wakubwa wenyewe. Takriban asilimia 60 ya biashara ya nchi za Umoja wa Ulaya ni ya wao kwa wao. Katika mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza Julai 2020, gari halipati msamaha wa ushuru mpaka asilimia 75 ya thamani yake iwe imetoka ndani ya nchi hizo tatu. Mwaka 2023 Mexico iliipiku Uchina kwa kuiuzia Marekani bidhaa. Uchina nayo, inayouza kila pembe ya dunia, tangu 2020 mshirika wake mkubwa wa biashara ni majirani zake wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Sisi Waafrika tunauziana takriban asilimia 15 tu ya biashara yetu, halafu hiyo kidogo tunaichoma moto mpakani.

Tena hiyo kidogo ndiyo yenye kazi za viwandani. Ulaya inanunua kwetu chai, kahawa na maua. Saruji, mabati, sabuni na mafuta ya kupikia tunayotengeneza wenyewe mnunuzi wake yuko Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Kwa miaka mingi Uganda imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa bidhaa za Kenya. Anayemfukuza jirani anafunga viwanda vyake mwenyewe.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mitumba ilitufundisha hilo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua hadi 2019, viwanda vya nguo vipate kupumua. Wauzaji mitumba wa Marekani wakalalamika, Washington ikatishia kutunyima nafuu ya AGOA ya kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikabaki peke yake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Tuliukana uamuzi wetu wa pamoja kwa ajili ya soko la mbali, na Septemba 2025 muda wa AGOA ukafika mwisho kabla Bunge la Marekani halijauongeza.

Nitaambiwa: na mkulima je? Vizuri, tumzungumzie. Mahindi ya Rukwa na Ruvuma huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Ya Trans Nzoia huvunwa Oktoba hadi Desemba. Mzigo wa Tanzania unafika Kenya ghala za huko zikiwa zinaelekea kuisha, mlaji akiwa anakamuliwa na bei. Tanzania ilipozuia mahindi kwenda nje mwaka 2017, aliyeumia ni mkulima wa Nyanda za Juu Kusini aliyebaki na magunia huku bei ikiporomoka. Anayetaka kweli kumlinda mkulima aanze na mchele: ushuru wa Jumuiya kwa mchele wa kutoka nje ya kanda ni asilimia 75, lakini Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza 35. Mchele wa Pakistan unapita kwa nafuu, na mkulima wa Mbarali, Tanzania, na wa Mwea, Kenya, wote wanabanwa.

Sumukuvu ni hatari ya kweli. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Lakini mahindi yaliyowaua yalilimwa na kuhifadhiwa huko huko kwao. Dawa yake ni kukausha vizuri, kupima na kuhifadhi pakavu. Ukifunga mpaka, mahindi yanapita njia za panya usiku, bila kupimwa na bila ushuru. Mama mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, anayestahili kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, anageuzwa mlanguzi anayekimbizana na askari.

Jumuiya sasa ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. Mikataba ipo: umoja wa forodha tangu 2005, soko la pamoja tangu 2010. Kinachokosekana ni adabu ya kuitii. Gunia lililopimwa na TBS, shirika la viwango la Tanzania, lisipimwe upya na KEBS, lile la Kenya. Misamaha ya ushuru inayoombwa kila mwaka ikomeshwe. Na waziri yeyote atakayesaini zuio dhidi ya nchi mwanachama alazimike kutangaza majibu ya maabara ndani ya siku saba. Akishindwa, zuio lifutike lenyewe na wizara yake imlipe mwenye mzigo hasara yote.