Mithali 6 na ule msee anataka umdhamini

Kuna aya sijawahi kuona mtu akiweka stetasi: Mithali 6, zile tano za kwanza. Ile ya mvivu na chungu, hapo chini kidogo, tunaipenda sana. Kila Januari imejaa kwa simu. Lakini juu yake kuna baba anamwambia mwanawe kwamba ukishajifunga kulipa deni la mwenzako, umenaswa na mdomo wako mwenyewe. Nenda ujinyenyekeze, umsumbue huyo mtu, usilale, chomoka kama paa aliyeona mwindaji.

Huku Membley huyo mwenzako ana sura. Mnaimba kwaya moja. Anataka nduthi ya kubeba watu Kamakis, na sacco inataka wadhamini. Anakuja Jumapili baada ya ibada, si Jumatatu, na hilo si bahati mbaya. Ukisita kidogo, anauliza kama kweli umeokoka. Ukisaini, akiba yako inashikiliwa mpaka amalize. Akihepa, inakatwa yako.

Najua mtaniambia Yesu alisema umpe anayekuomba, Mathayo 5. Sawa. Kumpa, hata kumkopesha, ni pesa unayo. Ukiwa na mia tano, mpe, na uisahau. Kudhamini ni kuahidi pesa ya mwaka ujao ambayo hujaiona, na Yakobo 4 inatuonya tusiongee kuhusu kesho kama tumeishika mkononi. Kwa hivyo unaweza kumwambia mtu wa kwaya “hapana” na bado ushiriki meza ya Bwana kwa amani.

Siku hizi hata kusaini si lazima. Jamaa anachukua mkopo kwa apu, apu inakula majina yote ya simu yake, akichelewa unapigiwa wewe. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo kama hayo. Mithali ilidhani angalau utafungua mdomo kwanza!

Lakini kitu kinanikera zaidi kiko Nehemia 5. Soma yote, ni fupi. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba wapate chakula, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme (ndio, kodi), na watoto wao wanaishia utumwani. Riba inayotajwa pale ni sehemu moja ya mia. Asilimia 1, wasee. Ukifuliza leo, ada ya kwanza ni asilimia 1 hiyo hiyo, kabla ada ya kila siku kuanza kuhesabu.

Nimekaa kwa mafundisho mengi ya pesa kanisani na karibu yote yalimlenga mkopaji: punguza matumizi, wacha tamaa, acha kubet. Ni kweli, na mimi naunga mkono. Ila Nehemia hakuita semina ya wakopaji. Alikasirika, akaita wakubwa waliokuwa wakikopesha, akawaambia mbele ya umati warudishe mashamba, na ile sehemu ya mia pia. Wakakubali, na akawaapisha mbele ya makuhani.

Ningependa kusikia hayo yakihubiriwa Jumapili moja, kwa sababu wanaokopesha pia huja kanisani, na mara nyingi huwa wameketi viti vya mbele.