Ridhaa ya mgonjwa katika utafiti: Ibra ya Kano

MZAZI anapompeleka mwanawe hospitali huwa amemkabidhi mtabibu amana iliyo kubwa kuliko zote. Hutaraji tiba. Je, afanye nini pale anapoombwa mtoto huyo aingizwe katika utafiti wa dawa ambayo manufaa na madhara yake bado yanachunguzwa? Swali hili si geni kwa familia za Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, ambako chanjo za malaria zimefanyiwa majaribio.

Ndugu msomaji, hatuna budi kurejea yaliyojiri Kano, kaskazini mwa Nigeria, mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu. Mwaka 1996 ulizuka huko mlipuko mkali wa homa ya uti wa mgongo. Katikati ya msiba huo, kampuni ya Pfizer ya Marekani iliwafanyia majaribio watoto wapatao 200. Nusu walipewa dawa mpya iitwayo Trovan, na nusu wakapewa dawa iliyokwishazoeleka. Watoto 11 walifariki: watano wa kundi la kwanza na sita wa kundi la pili.

Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa huo ulikuwa utafiti. Kampuni ilijibu kuwa ridhaa ilitolewa kwa mdomo, na kwamba vifo vilisababishwa na maradhi yenyewe. Mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 ili kumaliza shauri lake na Jimbo la Kano, bila ya kukiri kosa.

Ikumbukwe kuwa hoja hapa si dawa ipi iliyoua. Hata dawa ingelikuwa salama kabisa, kumtumia mtoto wa mtu pasipo mzazi kufahamu ni kuvunja amana. Na amana ikivunjwa, hasara haiishii kwa aliyedhulumiwa. Mwaka 2003 Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa kuishuku, na kumbukumbu ya mwaka 1996 ilikuwa miongoni mwa yaliyoichochea shaka hiyo. Virusi vikaenea hadi katika nchi zilizokwishaondokana navyo, na watoto wasio na hatia wakapooza.

Kwa upande mwingine, tazama chanjo ya malaria ya RTS,S. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Lau wazazi wote wangelikataa, chanjo hiyo isingelipatikana. Mwenye kushiriki kwa hiari na kwa kufahamu huwafanyia wema watoto asiowajua.

Basi anayekataa kila utafiti amekosea, na anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa amekosea vilevile. Ulizeni, tena kwa lugha mnayoifahamu: Ni tiba au ni utafiti? Madhara yake yanayojulikana ni yapi? Tiba nyingine ipo? Mtoto akidhurika, nani atamhudumia? Je, utafiti umepata kibali cha kamati ya maadili? Kwa Tanzania Bara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, ni miongoni mwa wanaosimamia jambo hilo. Jueni pia kwamba mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Nao watafiti wasingoje siku ya kutia saini ndipo wawakumbuke wananchi. Kilifi wapo wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii, ambao hukutana na watafiti na kuwafikishia maswali na hofu za watu. Hiyo ndiyo shura. Mgonjwa si chombo cha maabara. Ni mwenye mwili wake, na neno lake litangulie sindano.

Wallahu a'lam.