Kufika Uhuru si Kuvuka Barafu

"Mimi nimefika kilele cha Uhuru, barafu naijua." Kauli hii husikika sana kwa watu wanaojiandaa kwenda Rwenzori au milima ya Alps, na si ya kweli. Njia za Marangu na Machame za Kilimanjaro, zinazofika Uhuru, hupita kando ya barafu. Mpandaji huuona ukuta mweupe upande wa kushoto baada ya Stella Point, karibu na kilele, hupiga picha, kisha huendelea kukanyaga kokoto na vumbi la volkano. Kwenye safari ya Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, barafu yenyewe ndiyo njia, na kamba, kramponi (meno ya chuma ya kufunga viatuni) na shoka la barafu huwa vifaa vya kazi.

Dai la pili ndilo hatari kuliko yote: kwamba theluji ikiwa tambarare na safi, chini yake pako imara. Barafu ya mlimani hutembea. Sehemu ya chini, ikikandamizwa na uzito, hupinda polepole kama unga uliokandwa, lakini tabaka la juu, makumi kadhaa ya mita, ni gumu na huvunjika. Chukua mkate uliokauka ganda uukunje: ganda litapasuka mgongoni, si tumboni. Ndivyo ilivyo hapa. Pale mteremko unapobenuka kabla ya kuzidi ukali, nyufa hufunguka. Pale panapobonyea, hujibana. Kisha theluji ya upepo huja kuezeka paa juu ya ufa, na macho hudanganyika.

Paa hilo huacha dalili kwa anayejua kutazama. Tafuta mstari uliobonyea kidogo, au theluji ambayo rangi yake imefifia tofauti na jirani yake. Ukiona ufa ulio wazi pembeni, urefushe kwa mawazo hadi kwenye njia yako, kwa kuwa mara nyingi hauishii pale unapoonekana kuishia. Kiongozi huchoma theluji kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Fimbo ikizama ghafla bila ukinzani, anarudi nyuma. Na ufa huvukwa kwa kuukata kwa pembe mraba, kamwe si kwa kutembea sambamba nao, maana hapo kundi zima laweza kuwa juu ya paa moja bila kujua.

"Tumefungwa kamba, hakuna wasiwasi." Kamba iliyolegea husubiri hadi aliyetumbukia apate kasi, kisha humvuta na wa pili. Kundi la watu watatu huachana kama mita 10 hadi 15, kamba ikigusa theluji kidogo tu bila kulala. Wakiwa wawili huachana zaidi na kufunga mafundo katikati, ili yanase kwenye ukingo wa ufa, kwa kuwa mtu mmoja peke yake hamzuii mwenzake kirahisi. Hata baada ya kuzuia, kazi bado: aliyening'inia hupoteza joto haraka, na wa juu wasipojua kutega nanga na kuvuta kwa kapi, kamba haijamwokoa.  Kwenye barafu tupu iliyo mteremkoni, kamba isiyo na nanga yaweza hata kuwaburuta wote kwa kuteleza kwa mmoja.

"Waliotangulia wamepita." Huenda daraja la theluji lilibakiza nguvu ya kumbeba wa mwisho wao tu.

"Ondoka alfajiri, hatari zote zimelala." Hili ni nusu kweli. Baridi ya usiku hugandisha madaraja ya theluji, na mchana huyalainisha. Lakini minara ya barafu inayoning'inia juu ya njia haifuati saa, maana huangushwa pia na mwendo wa barafu yenyewe. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 2014, kipande kikubwa kiliporomoka juu ya njia ya Khumbu kwenye mlima Everest na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal. Huko Marmolada, Italia, barafu iliporomoka mchana wa Julai 3, 2022, katika joto kali, ikaua watu 11. Chini ya minara dawa ni kutopita, au kupita upesi bila kupumzika.

La mwisho ni la hapa kwetu: barafu inakwisha, basi hatari nayo inakwisha. Si hivyo: barafu hiyo ndiyo gundi ya mawe. Januari 2006, katika njia ya Western Breach ya Kilimanjaro, mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yaliachiliwa na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ilifungwa, kisha ikafunguliwa tena. Wanaoipita siku hizi huanza mapema, mawe yakiwa bado yamegandishwa na baridi, na kofia ngumu kichwani.