Daudi alijibu sawasawa



Jumamosi moja mwezi uliopita nilikaa Raskazone na mpwa wangu anayesoma kidato cha nne. Wanaoijua Tanga wanapafahamu: upepo wa bahari, kisiwa cha Toten mbele yako, meli zikingoja zamu ya kuingia bandarini, na watoto wanaojitupa majini bila kuchoka. Tulikuwa na mihogo ya kukaanga kwenye karatasi, na yeye alikuwa na daftari lake la fasihi. Mimi nilikuwa nimebeba nakala yangu ya zamani ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951. Haimo kwenye vitabu vyake vya mtihani, lakini niliona ni aibu mtoto wa Tanga amalize sekondari bila kuifungua.

Nilifundisha Kiswahili miaka 27 kabla ya kustaafu, kwa hiyo sikuhitaji kutazama ndani. Nilimweleza nchi inayoelea angani, na Karama anayeshitakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Nilimweleza Waziri Majivuno anayesimama kumshitaki, na wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Nikampangia dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi na msimamo wake. Akaandika yote. Kisha akafunga daftari akaniuliza, "Mjomba, na wewe ungekuwa nani humu ndani?"

Nikacheka. Nikamwambia, Karama, nani tena? Mwalimu mzima!

Akanyamaza kidogo. "Samahani, mjomba, usinielewe vibaya. Mimi wakati unasimulia nilikuwa namkumbuka Majivuno kwa sauti yako. Siku ile ya mkutano wa ujenzi."

Mihogo ikanishinda kumeza.

Ndugu msomaji, fungua 2 Samweli sura ya 12. Nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi na habari ya watu wawili wa mji mmoja. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi. Maskini ana mwanakondoo mmoja tu wa kike, amemlea pamoja na watoto wake. Mgeni anapofika kwa tajiri, tajiri anaacha mifugo yake na kumchinja yule mmoja wa maskini. Daudi anasikiliza na kuwaka hasira. Anasema mtu huyo anastahili kufa, na alipe mara nne.

Ungekuwa mtihani wa ufahamu, Daudi angepata alama zote. Amemtambua mkosaji, amemtambua aliyeonewa, ametaja kosa na adhabu yake. Hata kifungu cha sheria anacho kichwani, maana Kutoka 22 inaagiza kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa. Kitu kimoja tu hakukiona: yeye mwenyewe yuko wapi katika habari hiyo. Uria alikuwa amekwisha kufa vitani kwa barua iliyotoka mikononi mwa mfalme, na mkewe alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo ambamo Daudi alikuwa akitoa hukumu. Ilibidi Nathani amwambie waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nabii hakuanza na neno hilo moja kwa moja. Nadhani angeanza nalo, Daudi angejitetea, maana wafalme hawakosi mawakili, na sisi sote tuna wakili ndani ya kifua. Shitaka linazuiliwa mlangoni. Hadithi inakaribishwa ndani, inapewa kiti, na mtu anapokuja kugundua imekuja kwa ajili ya nani, tayari ameshatoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Kuna atakayeuliza kwa nini safu ya Kikristo inamleta Shaaban Robert, Mwislamu, ambaye kaburi lake liko Machui, kusini mwa mji wetu. Namjibu kwa Luka 10. Mwanasheria alipotaka kumjaribu Bwana Yesu, aliulizwa maswali mawili: sheria imeandikwa nini, na yeye anaisomaje. La kwanza alilijibu vizuri sana, akasifiwa. La pili likamsumbua, akaanza kutafuta mlango wa kutokea kwa kuuliza jirani yake ni nani. Ndipo akapewa hadithi, na aliyefanya vema ndani yake ni Msamaria, mtu wa watu ambao yule mwanasheria asingeketi nao meza moja.

Sisi walimu, nakiri, tulikaa sana kwenye swali la kwanza. Tulifundisha kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya Waingereza, na hilo lina ukweli wake. Kitabu kiliandikwa chini ya serikali ya kikoloni na mtu aliyekuwa karani katika ofisi zake. Lakini tazama lilivyotustarehesha. Tukishamfanya Majivuno kuwa Mwingereza, tunampandisha meli mwaka 1961 na kumpungia mkono, sisi tunabaki pwani tukiwa safi. Miaka 27 nilimsafirisha hivyo mbele ya madarasa, na wanafunzi wangu wakafaulu.

Sasa habari ya mkutano. Kanisani kwetu nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Tulikuwa tumechangishana kwa ajili ya mabati. Kijana mmoja wa kwaya alisimama, kwa adabu kabisa, akaomba kila kundi la fedha lisomwe mbele ya waumini, kilichoingia na kilichotoka, na iwe hivyo kila robo mwaka. Nilimwambia akae chini. Nilimwambia wazee wamelijenga kanisa hili kabla hajazaliwa, na kwamba anayehoji wazee anamhoji aliyewaweka. Watu wengine walipiga makofi. Hakusema zaidi. Baada ya wiki chache aliacha kwaya, na baadaye hatukumwona tena.

Fedha hazikuibwa, nisieleweke vibaya. Hesabu zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho, na hilo ndilo lililonipumbaza muda wote huo. Nilijiona mwenye haki kwa sababu sikuwa mwizi. Lakini Karama naye hakumtuhumu mtu kwa wizi; alitaka tu watu wafundishwe sheria. Kilichomuudhi Majivuno ni kwamba mtu mdogo amethubutu kufungua mdomo. Nilikuwa nimesoma kitabu hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Leo asubuhi huenda umesikia somo likisomwa. Huenda msomaji alisoma vizuri bila kukwama, na wewe ukalielewa, ukaweza hata kumsimulia aliyebaki nyumbani. Kabla hujafika kwako, jaribu swali la mpwa wangu. Kama ni mwana mpotevu, usikimbilie kuwa mwana mdogo kwa sababu mwisho wake ni mtamu. Pita pia kwa kaka yake aliyegoma kuingia ndani. Kama ni Farisayo na mtoza ushuru hekaluni, jihadhari na furaha ya kutokuwa Farisayo. Na usiulize wa pembeni yako yeye ni nani humo. Hilo tunalijua bila kufundishwa. Tukisikia mahubiri makali tunatafuta kwa macho anayestahili kuyasikia.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kumtafuta yule kijana. Anatengeneza simu kwenye kibanda kidogo karibu na stendi. Alinipa shikamoo, akanifutia stuli kwa kitambaa. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia mbele ya watu, na kwamba hayo nitayarudia mbele ya watu hao hao. Hakuniangalia. Aliendelea kukaza skrubu ndogo za simu ya mteja, akasema, "Nimekusikia, mwalimu," kisha akauliza kama hesabu zile zilisomwa hatimaye.

Sikuwa na jibu zuri. Zinasomwa leo, baada ya ibada ya pili. Nimemwambia saa.